Jinsi ya Kubadilisha Mbao za Sakafu Zilizochakaa Ndani ya Mashua ya Tanga ya Zamani

Katika mashua za tanga za faibaglasi zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980, ambazo baadhi yake bado zinaelea katika hori za Mtwapa na Kilifi, bandarini Tanga na katika ghuba ya Msasani, sakafu ya chumba cha ndani kwa kawaida ni vipande vya plaiwudi vilivyobandikwa juu yake utando mwembamba wa mtiki wenye mistari myeupe. Utando huo mara nyingi haufiki hata milimita moja kwa unene, kwa hiyo hauwezi kupigwa msasa zaidi ya mara moja au mbili kabla plaiwudi ya chini haijaanza kuonekana. Mwenye mashua huanza kufikiria kubadilisha sakafu pale utando unapotoboka mbele ya jiko na chini ya ngazi, mahali panapokanyagwa kuliko kwingine kote. Lakini akikinyanyua kipande hicho na kukigeuza, atakuta kwamba uharibifu mkubwa uko upande usioonekana: kingo zimekuwa nyeusi, tabaka zimefumuka, na mbao imelainika kiasi cha kuingilika kwa ncha ya bisibisi. Miguu huchakaza sura ya sakafu tu. Kinachoiua ni maji yanayoingia kupitia kingo, matundu ya skrubu na uso wa chini. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye maji, vipimo na kingo, na unapita upesi kwenye ung'arishaji.

Tafuta maji yanakotoka

Usinunue hata ubao mmoja kabla hujajua maji yaliyoozesha sakafu yalitoka wapi, kwa sababu sakafu mpya iliyowekwa juu ya uvujaji ule ule itaoza kama ya kwanza. Kausha ngama, yaani shimo la chini kabisa linalokusanya maji juu ya mkuku (uti wa chini wa mashua), kwa pampu na sifongo na vitambaa hadi lisiwe na unyevu. Kisha tandaza karatasi za tishu kando ya kuta za ndani, chini ya madirisha, kuzunguka mlingoti, chini ya tangi la maji na kwenye bomba la rafadha (propela), uache kwa siku nzima, halafu upite ukitazama ni karatasi gani imelowa. Baada ya hapo mwagia sitaha maji sehemu moja moja, ukianzia chini na kupanda juu, huku mwenzako akiwa ndani na tochi.

Maji yenyewe yatakupa dalili. Chukua matone machache ya maji ya ngama, yaweke juu ya kipande cha kioo na uyaache juani. Yakikauka na kuacha ukoko mweupe wa chumvi, chanzo chake ni bahari, na hapo utazame vali za chini ya maji, bomba la rafadha na maungio ya mipira. Yakikauka bila kuacha chumvi, ni maji baridi: mvua inayoteremka ndani ya mlingoti, tangi linalovuja, au barafu iliyoyeyuka kutoka kwenye sanduku la kuhifadhia chakula. Maji baridi ndiyo ya kuogopwa zaidi na mbao, kwa sababu kuvu wanaoozesha mti hustawi ndani yake, ilhali chumvi huwazuia. Mashua ambayo mlingoti wake unapita kwenye sitaha na kusimama juu ya mkuku itapokea mvua ndani kila msimu wa masika hata kama kila kitu kingine ni kizima, na kwa mashua ya namna hiyo dawa ni kuziba vizuri shingo ya mlingoti na kuhakikisha maji machache yanayopita yana njia ya kufika kwenye pampu bila kugusa mbao.

Usalama na maandalizi

Kazi hii hufanywa juu ya shimo lililo wazi, katika chumba chembamba chenye joto. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hushuka na kulala ngamani, mahali hasa utakapowasha mashine zenye cheche. Toa mtungi wa gesi nje ya mashua kabla ya kuanza na uache milango wazi. Asetoni nayo hutoa mvuke unaowaka na ambao pia hushuka chini, kwa hiyo usiitumie pamoja na mashine za umeme. Ondoa nyaya za betri, kwa kuwa katika mashua nyingi za zamani nyaya hupita chini ya sakafu na msumeno haubagui. Vaa kinyago kinachozuia vumbi unapopiga msasa. Vumbi la mtiki, la mvule na la faibaglasi yote hukereketa mapafu na ngozi, na epoksi mbichi, yaani gundi inayochanganywa na kigumishi chake, isiguse mikono mitupu, kwa sababu mwili ukishaanza kuikataa mara nyingi hauachi tena. Kila ukiondoka ndani, hata kwa dakika chache, funika mashimo kwa vipande vya mbao visivyoteleza.

Kutoa sakafu ya zamani

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, piga picha sakafu nzima kutoka kila upande. Kisha kila kipande ukipe namba kwa kuiandika upande wa chini kwa kalamu isiyofutika, pamoja na mshale unaoelekea omo, yaani mbele ya mashua. Skrubu za vipande visivyonyanyuliwa mara nyingi zimefichwa chini ya vizibo vidogo vya mbao. Vitoboe kwa keekee nyembamba katikati, halafu uvibandue kwa patasi. Skrubu ikikataa kugeuka, gusa kichwa chake kwa ncha ya chuma cha kulehemu risasi hadi ipate joto, kwani gundi na vanishi ya zamani hulegea kwa joto.

Ugumu wa kweli hujitokeza pale kipande cha sakafu kinapoingia chini ya makochi, kabati au ukuta wa kugawa vyumba, kwa sababu viwanda vingi viliweka sakafu kwanza na samani baadaye. Sishauri kubomoa samani ili kufuata ubao. Samani hizo mara nyingi ni sehemu ya nguvu ya mashua, zimeunganishwa na mwili wake kwa faibaglasi, na ukizing'oa unaanzisha kazi ya mwaka mzima. Ni bora ukate ubao wa zamani kwa mashine ndogo ya kukata inayotikisika, sambamba kabisa na ukuta wa samani, na kuuacha mkia wake chini ya samani ikiwa ni mzima. Mkia huo ukiwa umeoza, utoe vipande vipande kwa patasi, kisha uweke boriti ndogo chini ya ukingo wa samani ili sakafu mpya ipate mahali pa kulala.

Usitupe kipande chochote cha zamani, hata kilichooza, mpaka sakafu mpya iwe imelala mahali pake.

Ngama, boriti na bolti za mkuku

Hii ndiyo nafasi adimu ya kuona tumbo la mashua lote kwa mara moja, na itumike. Osha ngama kwa sabuni inayokata mafuta, isuuze na uikaushe. Kagua bolti zinazoshikilia mkuku: michirizi ya kutu au unyevu unaorudi baada ya kufutwa ni dalili kwamba maji yanapita mahali yasipotakiwa, na jambo hilo likionekana kazi ya sakafu isubiri hadi mjuzi wa mikuku ameitazama. Kagua vali za chini ya maji kama zinafunga na kufunguka, badilisha vibano vya mipira vilivyoshika kutu, na funga nyaya juu zaidi ya mahali maji yanapoweza kufika.

Kisha geukia boriti zinazobeba sakafu. Katika mashua nyingi za umri huu boriti ni mbao zilizozungushiwa faibaglasi au kushikizwa nayo mwilini. Gonga kila moja kwa mpini wa nyundo mwanzo hadi mwisho: sauti kavu ni ya mbao nzima, sauti nzito na butu ni ya mbao iliyolowa. Choma kwa bisibisi mahali unapotilia shaka. Boriti iliyooza ncha moja tu inaweza kuongezewa mwenziwe kando yake, iliyobandikwa kwa epoksi na kukazwa kwa bolti zinazopita zote mbili. Iliyooza katikati itolewe yote. Kwa boriti mpya tumia mvule au mtiki mkavu, upake epoksi pande zote, hasa kwenye ncha zilizokatwa, kabla ya kuishikiza kwa faibaglasi. Matundu madogo ya kupitishia maji chini ya kila boriti yawe wazi na kuta zake za ndani zipakwe epoksi, kwa sababu tundu lililotobolewa katika mbao na kuachwa bila kupakwa chochote ni mlango wa kuoza kwa boriti nzima.

Kuhakiki kama boriti ziko sawa, usitegemee pimamaji mashua ikiwa inaelea, kwani povu la hewa ndani yake litafuata mashua inavyoyumba. Tumia ubao ulionyooka barabara unaofika kutoka boriti moja hadi ya tatu, na uzi uliovutwa kutoka chini ya ngazi hadi mlingotini. Boriti iliyo chini kidogo iongezewe kipande chembamba cha plaiwudi kilichobandikwa kwa epoksi; iliyo juu ipigwe randa.

Kuchagua plaiwudi

Hapa ndipo watu wengi wa pwani yetu hupoteza fedha. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, jina la "marini bodi" hupewa mbao za kahawia zenye uso laini wa plastiki, zinazotumika kumwagia zege. Mbao hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya mashua: ndani yake mnaweza kuwa na mapengo kati ya tabaka, na uso wake unateleza na haushiki vanishi. Kinachotakiwa ni plaiwudi ya baharini yenye muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza kinachodai gundi isiyoyeyuka kwa maji na tabaka za ndani zisizo na mapengo. Muhuri peke yake hauthibitishi kila kitu, kwa hiyo omba kipande kidogo cha ubao ule ule, kichemshe kwa saa kadhaa, ukikaushe na ukichemshe tena. Kikifumuka, gundi yake si ya maji hata kama muhuri unasema vingine. Tazama pia kingo za ubao mzima: pengo moja linaloonekana pembeni ni dalili ya mengine usiyoyaona.

Plaiwudi ya okume ni nyepesi na rahisi kukata lakini mti wenyewe huoza haraka ukilowa, na ile ya meranti ni nzito kiasi lakini hustahimili zaidi. Kwa sakafu ningechagua meranti, kwa sababu uzito unaoongezeka uko chini kabisa ya mashua na haudhuru.

Pima unene wa ubao wa zamani mahali ambapo haujavimba. Mashua zilizoundwa Marekani zilitumia inchi, ambapo nusu inchi ni milimita 12.7 na robo tatu ya inchi ni karibu milimita 19, wakati plaiwudi inayopatikana kwetu huuzwa kwa milimita 12, 15 na 18. Tofauti ya milimita moja inaonekana ndogo, lakini kidole cha mguu kitaihisi pale ubao mpya unapokutana na ubao wa zamani uliobaki, kwa hiyo uamue mapema kama utabadilisha sakafu yote au utaongeza vipande vyembamba juu ya boriti. Boriti zikiwa zimeachana zaidi ya sentimita 40 hivi, milimita 12 zitanepa chini ya mtu mzima na milimita 18 ndizo zinazofaa.

Kuhusu uso wa juu una njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza plaiwudi iliyokwisha kubandikwa mtiki na mistari myeupe, ambayo ni nzuri na ghali na ina ule ule udhaifu wa utando mwembamba. Ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa mashua itakayokaa pwani hii, ni kununua plaiwudi tupu ya baharini na kubandika juu yake vipande vya mtiki halisi vya unene wa milimita 4 hadi 6. Tanzania ina mashamba makubwa ya mitiki, yakiwamo ya Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, na fundi yeyote mwenye msumeno wa meza anaweza kupasua mbao zake kuwa vipande vyembamba. Sakafu ya namna hiyo inaweza kupigwa msasa mara nyingi kwa miaka mingi. Mti wa mtiki una mafuta, kwa hiyo futa kila kipande kwa asetoni upande utakaobandikwa muda mfupi kabla ya kupaka epoksi, nje ya mashua na mbali na moto, la sivyo gundi haitashika. Kumbuka tu kupunguza unene wa plaiwudi kwa kiasi cha vipande utakavyobandika, ili jumla isizidi sakafu ya awali.

Violezo

Ubao wa zamani ni shahidi mzuri lakini si kiolezo cha kuaminika. Kingo zake zimeliwa, pembe zimevunjika, pengine mwenye mashua wa kabla yako aliwahi kuupunguza kwa randa. Zaidi ya hayo, upande wa kulia na wa kushoto wa mashua karibu kamwe havifanani kabisa, hata katika mashua zilizotoka kiwandani, kwa hiyo kiolezo cha upande mmoja kisigeuzwe kuwa cha upande wa pili.

Tengeneza kiolezo kwa vipande vyembamba vya plaiwudi ya milimita 3 vyenye upana wa sentimita 5. Kila kipande kiguse kikwazo kimoja: ukuta, mguu wa meza, mwili wa mashua, ubao wa jirani. Viunganishe vipande hivyo kwa gundi ya haraka na vipande vya kukingama hadi upate fremu ngumu isiyopinda. Kiolezo kisilale juu ya boriti moja kwa moja pale ambapo ukingo unakutana na mwili wa mashua, kwa sababu mwili huo hupanuka kadiri unavyopanda. Weka chini yake vibao vitakavyokiinua hadi kimo cha uso wa juu wa sakafu, ndipo upime. Kisha upime kwa pembe inayochezeka ni kiasi gani ukingo ukatwe hanamu ili uso wa chini uwe mwembamba kuliko wa juu. Andika JUU kwenye kiolezo, chora mshale wa omo, namba, na mahali pa kila boriti.

Kabla ya kuridhika, toa kiolezo nje kupitia mlango wa kuingilia chumbani. Kiolezo kisichopita mlangoni ni habari kwamba ubao wake nao hautaingia, na ni bora kujua hilo sasa na kuugawa ubao mara mbili juu ya boriti.

Kukata

Panga violezo vyote juu ya mbao zako kabla ya kukata chochote. Mistari myeupe lazima iendelee bila kuvunjika kutoka ubao mmoja hadi mwingine, kwa hiyo anza kwa kuchora mstari wa kati wa mashua kwenye kila kiolezo, ukitumia ule uzi uliovutwa kutoka ngazini hadi mlingotini, na uufanye mstari huo ulale katikati ya kipande cha mtiki. Utapoteza mbao kwa mpango huu. Kubali hasara hiyo, kwa sababu macho ya kila anayeshuka ngazi yatakwenda moja kwa moja kwenye mistari isiyokutana.

Jigsoo na msumeno wa mviringo wa mkononi hukata meno yakipanda juu, hivyo huchana uso wa juu. Kwa mashine hizo lala uso mzuri chini. Msumeno wa mkono hukata ukishuka, kwa hiyo uso mzuri uwe juu. Ukilaza uso mzuri chini, kiolezo nacho kigeuzwe, la sivyo utapata ubao ulio kinyume na ule unaoutaka. Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari, chanja utando kwa kisu kikali, kata ukiacha milimita 2 nje ya mstari, na ufikishe kwa randa iliyonolewa vizuri.

Acha nafasi. Kati ya ubao na ukuta ziwe milimita 2 zilizobaki baada ya kupaka kila kitu, na kati ya ubao na ubao vivyo hivyo au zaidi kidogo, ukikumbuka kwamba tabaka za epoksi na vanishi zinaweza kuongeza karibu nusu milimita kila upande. Fundi mwenye fahari hupenda ubao unaoingia kwa kubana bila ufa kuonekana, na katika nyumba hilo ni sifa. Katika mashua ni hatari, kwa sababu ubao ukivimba hautanyanyuka, na chini yake kuna vali unayopaswa kuifikia kwa sekunde chache siku mpira utakapopasuka. Kingo za vipande vya kunyanyuliwa zikatwe hanamu kidogo, kiasi cha nyuzi 3 hadi 5, uso wa chini ukiwa mwembamba, ili vitoke kwa urahisi na kurudi bila kukwaruzana.

Jaribu kila ubao mahali pake ungali mbichi. Simama juu yake, ruka kidogo, sikiliza. Ubao unaogonga una boriti isiyougusa.

Kuziba kingo

Kama muda wako ni mfupi, upunguze kwenye vanishi ya juu lakini usipunguze hapa. Kila ubao una pande sita, na zote zipakwe epoksi kabla ya kitu kingine, isipokuwa uso wa mtiki halisi unaoweza kuachiwa vanishi peke yake. Changanya epoksi na kigumishi chake kwa uwiano uliowekwa na mtengenezaji wake tu. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka huiacha laini milele. Katika joto la pwani, linalopita nyuzi 30 mchana, tumia kigumishi cha polepole, changanya kidogo kidogo, na uimwage mara moja kwenye sinia bapa, kwa kuwa epoksi iliyorundikana ndani ya kikombe hujipasha moto yenyewe hadi kutoa moshi.

Paka alasiri, wakati mbao inaanza kupoa. Asubuhi mbao ikipata joto, hewa iliyo ndani ya nyuzi zake hutanuka na kusukuma nje viputo vinavyoacha vitundu katika epoksi. Alasiri hewa hiyo hujikunja na kuivuta epoksi ndani. Anza na kingo. Ncha za nyuzi zitainywa mara ya kwanza kana kwamba hukupaka kitu; paka tena kabla haijakauka, na tena, hadi ukingo ubaki unang'aa. Kisha upake uso wa chini mara mbili au tatu. Epoksi ikishakauka mara nyingi huacha utando wa nta juu yake. Uoshe kwa maji safi na kisugulio cha nailoni kabla ya kupiga msasa, kwa kuwa msasa peke yake huusambaza tu.

Matundu ya skrubu yanahitaji subira ya pekee. Toboa tundu mara mbili ya upana unaohitajika, lijaze epoksi iliyokorezwa kwa unga wa mbao, iache ikauke kabisa, kisha utoboe tena katikati kwa kipimo sahihi. Kwa njia hiyo skrubu hupita ndani ya bomba la epoksi na haigusi mbao hata kidogo. Fanya vivyo hivyo kwa matundu ya pete za kunyanyulia na ya makomeo.

Vanishi

Piga msasa namba 180 kisha 220, futa vumbi, na upake vanishi ya poliurethani isiyong'aa sana. Ile ya kung'aa kama kioo huteleza ikilowa na huonyesha kila mkwaruzo. Tabaka ya kwanza iongezwe kiyeyushi ili izame, zinazofuata zipakwe nzito zaidi, tano kwa uso wa juu na mbili kwa wa chini, huku ukipiga msasa mwepesi kati ya tabaka moja na nyingine. Epuka miezi ya masika, na hata wakati wa kiangazi usipake jioni karibu na umande. Chini ya ngazi, ambapo watu hushuka na miguu iliyolowa, nyunyiza chembe laini za kuzuia utelezi juu ya tabaka iliyo kabla ya mwisho.

Kurudisha na kufunga

Vipande visivyonyanyuliwa vifungwe kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, vichwa vikizamishwa sawa na uso wa mbao. Usivibandike kwa gundi ya kudumu kwenye boriti, hata kama ubao unapiga kelele. Kelele huondolewa kwa kubandika ukanda mwembamba wa mpira juu ya boriti. Siku moja mtu atahitaji kufikia kilicho chini yake, na gundi itamlazimisha kuuvunja ubao uliouhangaikia.

Vipande vya kunyanyuliwa navyo vifungwe, kila kimoja kwa komeo lake linalogeuzwa kwa kidole bila chombo chochote. Wamiliki wengi hupuuza jambo hili kwa sababu ubao mzito unaonekana kujilalia salama. Mashua ikilala ubavu au kupinduka, kila kisichofungwa huwa silaha ndani ya chumba, na ubao wa sakafu wa kilo kadhaa wenye pembe kali ni miongoni mwa vibaya zaidi. Katika dhoruba iliyoyakuta mashindano ya mashua za tanga ya Fastnet, kati ya Uingereza na Ayalandi, mwezi Agosti 1979, ambamo washindani 15 walikufa, mashua nyingi zililazwa ubavu na baadhi zikapinduka kabisa. Weka makomeo hata kama unatarajia kuvuka tu mkondo wa Pemba.

Baada ya mwezi wa kwanza, na tena baada ya masika ya kwanza, nyanyua kila ubao na utazame uso wa chini na kingo. Mahali palipokwaruzwa hadi mbao ikaonekana pakaushwe na kupakwa epoksi siku hiyo hiyo. Ubao ulioanza kubana upigwe randa milimita moja upande unaogusa, uzibwe upya na kurudishwa baada ya epoksi kukauka. Violezo navyo, vikiwa na namba na mishale yake, vifungwe pamoja na vihifadhiwe nchi kavu mahali pasipo na unyevu.